Ukuta wa Shosho Nilioufanya Mpya

Mwenye makosa ni mimi. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana nikianza kujitetea sitamaliza leo. Jambo hili mke wangu mwenyewe analijua nusu tu. Wewe unayesoma hunijui wala hutanijua, basi wewe nitakuambia lote.

Mimi ni fundi wa plasta. Kwetu ni magharibi, upande wa Vihiga, na nilikuja Nairobi ndevu hazijatoka. Naishi Kibera, Soweto West, lakini miaka hiyo ya tisini kazi zangu nyingi zilikuwa Kawangware, huko Kabiro, ambako kila mwenye shamba alikuwa anang'oa migomba apande vyumba vya kupangisha. Asubuhi natoka kwa miguu, napita Olympic, navuka barabara ya Ngong, na jua likianza kuchoma mimi niko kazini.

Na plasta naijua! Ukiweka pima maji kwenye ukuta wangu, lile povu linasimama katikati, tuli. Watu walikuwa wakinisifu mbele ya mafundi wenzangu, nami nikazoea kusifiwa. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza.

Pale Kabiro kulikuwa na mama mmoja mzee, mjane, ambaye sote pale tulimwita Shosho, yaani nyanya. Ndiye aliyenipa kazi yangu ya kwanza mjini, kuziba ukuta wa choo chake. Tangu siku hiyo akaniachia baraza nihifadhi vyombo vyangu, nisivibebe hadi Kibera kila jioni. Siku ambayo kazi imekosekana ananiita ndani, ananipakulia githeri, mahindi na maharagwe yake, huku akinitania.

"Kula. Wewe Mluhya ukifa hapa kwangu juu ya kukosa ugali, watu wa kwenu watanifunga."

Mama yangu alikuwa mbali. Huyu ndiye aliyekuwa mama yangu Nairobi, na ukumbuke hilo unaponisikia nikiendelea.

Nyumba yake haikuwa nyumba hasa. Ulikuwa ukumbi mrefu wa mawe yaliyochongwa kwa mkono, yakashikanishwa kwa udongo mwekundu. Watu wa pale waliujenga wenyewe wakati wa mkoloni, uwe shule ya watoto wao. Halafu ikaja Hali ya Hatari, mkoloni akiwasaka waliodai uhuru, shule ikafungwa, na serikali ikaugeuza mahabusu. Mume wa Shosho alikuwa fundi viatu. Alifungiwa humo humo, katika shule aliyobebea mawe, kisha asubuhi moja akapakiwa kwenye lori pamoja na wengine. Hakurudi, na hakuna aliyewahi kuonyeshwa kaburi.

Uhuru ulipokuja, shamba likarudi kwa ukoo wa mumewe, na Shosho akahamia ndani ya ukumbi ule. Watu walimshangaa. Mjane gani huyu anayelala katika jela ya mumewe?

Shida ilianza shemeji yake alipofariki. Shamba lilikuwa na jina la shemeji, sasa likawa la mwanawe, Mbugua, mtu mnene mwenye haraka, ambaye tayari alikuwa na vyumba vya kupangisha kila upande. Mbugua alitaka ukumbi ubomolewe ajenge ploti nyingine ya vyumba. Hakuwa mtu mbaya sana, nisimsingizie. Alimwahidi Shosho chumba cha bure karibu na geti.

"Cucu, hii ni mawe tu," alimwambia mbele yangu, akimwita nyanya kwa Kikuyu, kwa heshima ya umri wake. "Nitakujengea kitu ya kisasa. Taa za stima, kila kitu."

Shosho akatafuna midomo.

Ndipo mwalimu mmoja wa kanisani kwake akampa wazo. Alisema mjini kuna ofisi inayoamua ni majengo gani ya zamani yasiguswe. Jengo likipita, linawekwa kibao ukutani, na hata mwenye shamba hawezi kuliangusha. Mwalimu akawaandikia, na kumbe wakajibu! Wangekuja Jumanne kutazama.

Shosho aliniambia habari hizo akitetemeka kwa furaha. "Wakiipenda, Mbugua hataweza. Nitafia hapa."

Nikatazama zile kuta. Zilikuwa na nyufa za kuingiza kidole, masizi ya moshi, udongo ukidondoka kila upepo ukivuma. Nikaona aibu. Watu wa ofisi, wenye suti, waje wakute hivi? "Shosho, wacha nikupigie plasta kabla wafike. Bure kabisa."

"Wachana nayo," akasema. "Hiyo ukuta wachana nayo. Usijisumbue."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea. Kwetu, mgeni akitarajiwa, mama hapumziki kabla hajasiriba ukuta. Nyumba yenye nyufa ni aibu ya mwenye nyumba, na ya kila kijana aliye karibu naye mwenye mikono mizima. Na tena kwetu mama akikuambia usijisumbue, hiyo ni adabu tu. Ukiacha kweli kujisumbua, atakusema hadi sokoni! Mimi nikajua Shosho anaona haya kunitumia bure. Hata haikunijia kwamba mama mzee anaweza kusema wachana nayo akamaanisha wachana nayo.

Na niseme lote, kwa kuwa nimeahidi. Kulikuwa na jambo jingine pia. Niliwaza kwamba wale wageni ni watu wa majengo, wataona kazi yangu, watauliza fundi ni nani. Nilijiona tayari niko katikati ya mji, nakarabati nyumba za mawe zile kubwa, naitwa kwa jina. Basi nikasema moyoni nafanya kwa ajili ya Shosho.

Jumamosi hiyo akaenda Murang'a kwenye matanga ya dada yake. Mimi nilikuwa na simiti iliyobaki kwenye mjengo mmoja wa Olympic. Nikaibeba mgongoni. Mchanga ulikuwepo. Nikaingia.

Nilianza na ukuta wa ndani, ule wa mbele mgeni akiingia. Kulikuwa na kabati zito limeegemezwa hapo. Nikalisukuma kando. Nyuma yake, chini chini, karibu na sakafu, nikaona michoro iliyokwaruzwa kwenye mawe kwa kitu chenye ncha. Kulikuwa na mistari, msalaba, kitu kama ng'ombe, na unyayo mmoja wa mguu umechorwa kwa kuzungushwa, safi kabisa, na vidole vyake vyote.

Nikacheka peke yangu. Nikasema, watoto wa shule hawa! Si palikuwa shule?

Ukuta wa zamani haushiki plasta hivi hivi. Lazima kwanza uupige kwa nyundo na patasi, uuchubue, uwe na mashimo, ndipo plasta iume. Mahali palipo laini ndipo unapopiga zaidi, maana pakiachwa laini plasta itabanduka. Na pale penye unyayo palikuwa laini kuliko ukuta mzima. Pamesuguliwa hadi pakang'aa, kama mpini wa jembe la miaka mingi.

Nililiona hilo! Fundi mimi, niliona jiwe limeng'arishwa na mkono wa mtu, na sikujiuliza ni mkono wa nani. Nikaanzia hapo hapo. Niligonga hadi hapakubaki mstari.

Jumatatu jioni Shosho akarudi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimenawa, nimevaa shati safi, nasubiri kusifiwa. Ukuta ulikuwa umenyooka, rangi ya kijivu bado mbichi, hauna hata ufa. Kabati nilikuwa nimelirudisha mahali pake.

Akaingia, akasimama. Mzigo wake ukamtoka mkononi. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alikwenda akalisukuma kabati mwenyewe, mama mzee yule, akachutama, akapapasa chini kwa viganja vyote viwili.

"Umefunika," akasema.

"Nimefunika, Shosho. Nyufa zimeisha."

Akavuta pumzi ndefu. Akawa kama anajituliza mwenyewe. "Sawa. Imefunikwa tu. Kitu ikifunikwa inaweza kufunuliwa."

Hapo ningemwambia kwamba niligonga kwanza. Mdomo ulikuwa wazi, maneno yalikuwa pale. Lakini nilimwona uso, na nikaogopa. Nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake watu wa ofisi wakaja, mwanamume mmoja mwenye kamera na dada mmoja mwenye kamba ya kupimia, wote watu wa heshima, hawakumdharau mtu. Walizunguka nje, wakasifu mawe. Wakaingia ndani, na yule dada akasimama mbele ya ukuta wangu, uso ukasawijika.

"Hii plasta ni ya lini?"

"Ya juzi," nikasema. Mungu wangu, nilisema kwa kujivuna!

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kwamba ofisini kwao wanaangalia mambo kadhaa. Jengo lina umri gani. Kitu gani kilitokea ndani yake. Na zaidi ya yote, ni kiasi gani cha ule uzee wake bado kipo, kinaonekana kwa macho. Akasema mabati yameshabadilishwa, madirisha pia. Kilichobaki ni kuta.

"Sisi hatutafuti nyumba nzuri, fundi," akasema. "Tunatafuta ile bado iko vile ilikuwa."

Kumbe zile nyufa nilizozionea aibu ndizo walizokuja kuona!

Ndipo Shosho akaanza kusema. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Akawaambia kwamba wanaume waliofungiwa humo walichora ukutani kwa misumari ya viatu, kila mtu alichotaka. Mmoja akachora ng'ombe wake. Mumewe, yule fundi viatu, akachora unyayo.

"Ya kwangu," Shosho akasema. "Mguu yangu. Alikuwa ananitengenezea viatu. Vipimo alikuwa nazo kichwani. Wakati nilirudi hapa, niliweka mguu juu ya hiyo mchoro. Ikatoshea yote, mpaka hii kidole imepinda."

Akaonyesha kidole chake kidogo cha mguu wa kulia. Kilikuwa kimepinda kweli.

Yule wa kamera akaacha kupiga picha. Dada akamshika Shosho mkono. Akasema upande huu wa mji hawajawahi kupata kitu kama hicho, kwamba kikionekana hakuna kamati itakayokataa. Shosho akaniangalia akitabasamu! Kisha dada akanigeukia.

"Fundi, kabla ya plasta uligonga ukuta? Ama ulipaka tu juu?"

Wote wakanitazama. Yule mwalimu wa kanisani alikuwepo, majirani walikuwepo mlangoni, Shosho alikuwa ananitazama.

"Nilipaka tu juu," nikasema.

Hilo ndilo ungamo langu. Plasta nilipiga kwa ujinga, na ujinga Mungu huenda akausamehe. Lakini huu ulikuwa uongo, nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, kwa mama aliyenilisha.

Wakasema watarudi na mtu anayejua kubandua plasta taratibu bila kuumiza jiwe. Mbugua, aliyekuja kuchungulia, akaambiwa asiguse kitu. Akatoka akifoka, akaniita mimi mjinga, ingawa hakujua bado jinsi nilivyomsaidia.

Zile wiki za kungoja sitazisahau. Shosho alikuwa kama msichana! Aliwaambia wapangaji wote habari ya unyayo, jambo alilolificha nyuma ya kabati miaka yote tangu Uhuru. Alikuwa ananipikia. Ananiambia, "Usihangaike, kijana yangu, ulifunika vizuri. Labda hata ulisaidia, moshi haikuingia tena." Mimi nakula chakula chake, nasema ndiyo Shosho. Kila asubuhi nilipokuwa natoka Soweto West nilijiambia leo namwambia. Kila jioni nilirudi sijasema.

Walirudi. Mtu wao alikuwa na vipatasi vidogo, akabandua kipande kwa kipande. Shosho aliketi kwenye kigoda mbele kabisa, amevua kiatu cha kulia, mguu ameuosha.

Yakatokea mashimo. Mashimo tu, yamebanana, na pale chini yalikuwa mengi kuliko kwingine kote.

Yule fundi wao akayapitisha kidole. Hakuhitaji kusema, ni kazi yetu sote, alijua. Dada akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akaangalia pembeni. Shosho hakuniangalia hata kidogo. Aliinama, akavaa kiatu chake.

Jengo halikupita. Mwalimu aliuliza mbona neno la mama huyu lisitoshe, na yule dada akasema, kwa huruma, kwamba kamati haiwezi kuweka kibao juu ya mashimo. Mimi nasema hivi, na siyo kujitetea: mjini kuna nyumba zimewekewa ulinzi kwa kuwa mkubwa fulani wa mkoloni aliwahi kukaa humo akinywa chai. Nani aliwahi kubandua ukuta kuhakikisha alikunywa? Zile zilitunzwa na watu waliojua kwamba siku moja wataulizwa. Huku kwetu hakuna aliyetuambia tutaulizwa. Lakini Shosho alijua bila kuambiwa, akaweka kabati. Mimi ndiye niliyelisukuma.

Mbugua akabomoa. Mawe yale akayauza, mengine akayafanya msingi. Na nani unafikiri aliitwa kupiga plasta vyumba vipya? Mimi! Nikaenda! Nilikuwa na watoto, ndiyo, lakini kila mtu ana watoto. Majirani waliniona nikichanganya simiti pale pale, wakatema mate chini wakipita. Mama mmoja wa mboga akaacha kabisa kuniuzia. Mwalimu akija upande wangu, anavuka barabara.

Shosho akapewa chumba kile cha geti, na stima yake. Nilipokuwa namalizia ukuta wa nje akaniita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema nami tangu siku ile.

"Ingia. Beba msumari."

Nikaingia. Kuta nilizipiga mwenyewe, bado zilikuwa na unyevu. Akafunga mlango, akaketi kitandani, akavua kiatu.

"Watu wameiona ni mimi na wewe," akasema. "Wengine walikufa. Wewe uliiona?"

"Niliiona, Shosho."

"Ilikuwa nzuri?"

Nikalia. Nikamwambia ilikuwa nzuri, ilikuwa na vidole vyote. Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

"Chora."

Nikamsaidia kusimama. Akanishika bega, akainua mguu, akauegemeza ukutani chini, na mimi nimepiga magoti nikauzungusha msumari polepole, kisigino, ubavu, kidole kwa kidole, hadi kile kilichopinda. Nilichora kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia katika kazi yoyote. Akashusha mguu, nikamshika akachutama, akatazama. Akapapasa ule mchoro kwa kidole. Nikaona uso wake ukipoteza nuru.

Mguu wake ulikuwa umevimba kwa uzee. Ulikuwa mpana, kisigino kimetanuka, vidole vimelaliana. Yule mwanamke aliyekumbukwa gizani na mume wake alikuwa na mguu mwembamba, na mimi nililiona hilo kwa macho yangu kabla sijainua nyundo.

"Si huu," akasema. "Huu ni wa mama mzee. Huyu bwana yangu hakumjua."

Akarudi kitandani, akageukia upande mwingine.

"Funika," akasema.

Nikachukua mwiko wangu wa plasta, nikafunika.

Alifariki chumbani humo kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Sikuthubutu kwenda kanisani, nilisimama ng'ambo ya barabara hadi gari lililombeba likapita.

Basi wewe mwenye mikono na moyo wa kusaidia, nakuomba. Mzee akikwambia wachana nayo, wacha! Usimsafishie asichokuomba. Ukiona mahali pameng'aa kwa kuguswa, uliza nani anapagusa. Na ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo, hata kama utafukuzwa, hata kama watu wako mlangoni wanakutazama. Usimwache mtu akaoshe mguu bure.

Chumba kile sasa anakaa kijana mmoja fundi wa redio. Tukikutana Kabiro hunisalimia kwa furaha, maana aliambiwa plasta ile ni yangu. "Niaje, fundi! Ile kazi ulifanya ni noma, buda. Ukuta haina hata ufa moja."

Namwambia asante.